Kwa mdogo wetu wa Kasapa asiyelala: kabla hujatibu tifoide mara ya tatu

Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Unasema uko mwaka wa kwanza, unakaa bwenini Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, miezi miwili sasa hulali, moyo unadunda bila sababu, umetibiwa tifoide mara mbili na hujapata nafuu. Unauliza kama kuna mahali pa kwenda, kama watu watajua, na sesheni yako ya mitihani itakuwaje. Halafu mwishoni, kwa mstari mmoja tu, umeandika kwamba siku nyingine unaona heri usiamke.

Naanza na mstari huo, maana waliokujibu kabla yangu wameuruka. Je, umechoka na hali uliyo nayo, au umeshafikiria kujiua? Nakuuliza kwa neno lenyewe. Wengi wanaogopa kulitaja wakidhani watampa mtu wazo, lakini sivyo. Mara nyingi anayeulizwa wazi ndipo anapumua. Shirika la Afya Duniani, kwa takwimu za 2021, linaweka kujiua nafasi ya 3 kati ya sababu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Kwa hiyo hauko peke yako, wala si laana ya ukoo wenu. Kama umeshafikiria namna, au kuna kitu umekiweka pembeni kwa ajili hiyo, usingoje Jumatatu. Mwamshe mwenzako wa chumba, mkabidhi kitu hicho, mwende usiku huuhuu kwenye huduma ya dharura, hospitali ya Sendwe au Cliniques Universitaires, popote mtakapofika haraka. Ukifika sema: "Ninafikiria kujiua." Usiseme kichwa kinauma. Ukisema kichwa, watakupima malaria na kukurudisha nyumbani.

Kama ni uchovu bila mpango, bado ni ugonjwa unaotibika, na hapa naweza kukueleza yaliyonipata.

Nilikuwa G2, yaani mwaka wa pili, bado mfumo wa zamani wa masomo kabla ya huu mpya wa LMD. Kaka yangu, ndiye aliyekuwa ananilipia masomo, alifariki mwezi wa 6. Kilio kilikuwa Likasi. Nilikaa siku mbili nikarudi, kwa sababu sesheni ilikuwa inaanza baada ya wiki mbili. Sikulia. Nilijiambia nitalia baada ya mitihani. Mwezi wa 8 nikaanza kuamka saa tisa usiku, jasho mwili mzima, moyo unakimbia kama nimefukuzwa. Siku moja ndani ya basi ya kwenda mjini nilishika kiti cha mbele nikijua nakufa. Baada ya kama dakika kumi ikapita, nikabaki natetemeka.

Nikafanya kama ulivyofanya wewe. Nilienda zahanati moja ya mtaani, wakapima Widal, kipimo cha damu cha tifoide, wakasema tifoide. Sindano, serumu, vidonge. Mwezi uliofuata nikaenda nyingine, tifoide tena. Ya tatu, tifoide. Pesa ya kula iliishia huko. Mwenzangu wa chumba akanipa diazepamu aliyoinunua famasi bila karatasi ya daktari, nikalala siku nne, ya tano nikahitaji viwili. Tafadhali usiingie njia hiyo. Dawa ile mwili unaizoea ndani ya wiki chache, na kuiacha ni kazi nyingine.

Aliyenisaidia ni mama mmoja muuguzi wa dispensari ya chuo, chumba chenye benchi moja na rejista kubwa ya kurasa zilizokunjika. Aliniomba karatasi zangu zote. Akazipanga mezani kwa tarehe, moja chini ya nyingine, akaweka kidole kwenye mstari uleule wa kila karatasi: 1/160, 1/160, 1/160. Kisha akanipima joto, 36.6. Akaniuliza, "Tifoide gani hii, mwanangu, inatibiwa mara tatu, haina homa, na namba haisogei?" Akanieleza kwamba Widal inaonyesha alama ambazo mwili umezitunza, pengine za ugonjwa wa zamani, na hata malaria inaweza kuidanganya. Mwenye tifoide ya kweli kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu mwezi wa 6: "Nani amekufa?"

Kwa hiyo, swali lako la kwanza. Anza na dispensari ya chuo. Angalia bordero yako, ile stakabadhi ya malipo: kama kuna mstari wa huduma za afya, umeshalipia, na ni haki yako kuuliza unakupa nini. Nenda na kadi ya mwanafunzi na karatasi zako zote za vipimo, hata zile unazoziona hazina maana. Waombe wapime damu, sukari na kiwango cha damu mwilini, kwa sababu upungufu wa damu pia unaudundisha moyo. Kisha omba barua ya kukupeleka kwa mwanasaikolojia. Itaje mwenyewe, usisubiri wakupendekezee. UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, ina fakultee ya saikolojia. Ukiwa huna pa kuanzia, gonga huko uulize nani anapokea watu.

Uelewe pia nani anafanya nini. Mwanasaikolojia anazungumza nawe, hatoi dawa. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa, na dawa za huzuni nzito hazishiki siku ya kwanza. Zinachukua wiki kadhaa, na haziachwi ghafla kwa sababu umejisikia vizuri Jumapili.

Mimi barua yangu ilinipeleka Guislain, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Lubumbashi. Najua wanavyosema mjini, "kwa wenye wazimu". Nilipita mbele ya lango mara mbili kabla ya kuingia. Ndani, kwenye benchi, alikuwepo mama aliyemshika mtoto wa kifafa, papa mmoja wa makamo mwenye koti na faili la kazini, na msichana anayesoma noti zake kama wewe na mimi. Kituo kinaendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, na jina lake ni la Joseph Guislain, daktari wa Ghent, Ubelgiji (1797–1860), aliyepigania wagonjwa wa akili wapokelewe kama wagonjwa wengine. Hivyo ndivyo nilivyopokelewa. Waliniuliza maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, na lile la kutamani kufa pia. Unajibu kwa idadi ya siku, basi.

Jambo ambalo ningependa ulijue mapema ni lugha. Mara ya kwanza nilizungumza Kifaransa, kama ninavyofanya mbele ya profesa. Maneno yalikuwa mazuri, yamepangwa, na hayakuwa yangu. Mwanasaikolojia aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sasa niambie vile ungemwambia mama yako." Nikasema, "Mama, mawazo imenizidi. Kaka alikufa na mimi nilikuwa nasoma." Nililia mpaka muda ukaisha. Wewe pia ukiingia, omba kusema Kiswahili, au Kibemba, au Kiluba, lugha yoyote unayoliliamo.

Sehemu kubwa ya tiba yangu haikuwa ya ajabu. Mwanasaikolojia aliniambia kitanda kiwe cha kulala tu; nisipopata usingizi niinuke, nikae kwingine mpaka macho yawe mazito. Nikamjibu, "Mama, chumbani tuko wanne, kitanda ndiyo meza yangu, ndiyo kiti changu, ndipo ninapokula bukari." Hakucheka. Tukatafuta njia pamoja: asubuhi ninakunja godoro naliegemeza ukutani, nasomea juu ya ubao uliowekwa kwenye mabido (madumu) mawili ya maji, nageukia mlango. Umeme ukirudi saa saba usiku siinuki tena kusoma. Naamka saa kumi na mbili hata kama sikulala. Wiki ya tatu nikalala saa tano mfululizo. Niliandika tarehe hiyo, bado ninayo.

Kuhusu maombi: walinipeleka pia chumba cha maombi, na mimi naomba mpaka leo. Lakini ukiambiwa uache matibabu ili kuonyesha imani, ondoka hapo. Hakuna aliyewahi kuniambia niache miwani ili niombee macho.

Watu watajua? Muuguzi, daktari na mwanasaikolojia wamefungwa na siri ya kazi. Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo kinamwadhibu anayefichua siri aliyoipata kwa kazi yake. Hawana ruhusa ya kumpigia dekani, wala baba yako. Isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini, wanaweza kumwita mtu wa karibu ili usikae peke yako, na hilo ni jambo jema.

Kitu kimoja hukukiuliza, lakini wapo wanaosoma hapa kimya: aliyebakwa, au aliyekutana na mtu bila kinga na anaogopa VVU, asingoje miadi yoyote. Dawa za kuzuia maambukizi zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zinanywewa siku 28. Aende hospitali kwanza, maelezo mengine baadaye.

Sasa sesheni. Hapa nilipoteza mwaka mzima, na sitaki upoteze wako. Nilikosa mitihani miwili nikiwa nimelala natazama dari, sikupeleka karatasi yoyote, nikahesabiwa mtoro. Daktari akikuona hufai kukaa mtihani, mwombe cheti cha ugonjwa siku hiyohiyo. Si lazima kiandike ugonjwa gani. Kinatosha kusema siku ngapi huwezi. Kipeleke aparitora, ofisi ya fakultee inayoshughulikia wanafunzi, kabla ya mtihani ukiweza, na nakala wakupigie muhuri mbele yako. Kama huna nguvu za kusimama kwenye foleni, mtume mwenzako akiwa na kadi yako.

Leo ni Ijumaa. Niandikie pembeni usiku huu, uniambie tu umekula nini na nani yuko nawe chumbani. Jumatatu saa mbili asubuhi niko mjini, naweza kukukuta mbele ya dispensari. Nitakaa nje kwenye benchi mpaka utoke.