Jina la binti kutoka vijiji vya Uingereza
Dada, umeuliza jina la binti litokanalo na kijiji cha Uingereza, lakini lisiwashinde bibi na babu kulitamka. Mimi ningechukua Kimberley. Ni kijiji kidogo cha Norfolk. Kutoka hapo alipata cheo chake Lord Kimberley, waziri wa makoloni, na mwaka 1873 mji wa almasi Afrika Kusini ukaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo jina limeshakanyaga Afrika zamani sana!

Ashley nalo zuri: "ley" katika Kiingereza cha kale ni uwazi msituni, "ash" ni aina ya mti. Clovelly ya Devon, yenye barabara ya mawe isiyopita magari, naipenda mno, ila bibi atahangaika. Uliite kwa sauti kwanza, kama unamwita mtoto aje kula.