Kufupisha liva ya gia: yaliyonikuta na Corolla 110 yangu

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoa liva ya gia ya Corolla 110 na kuweka fupi, maana yako "inazunguka tu mkononi". Mimi nilifanya, nikaharibu, nikarudia upya. Kabla hujashuka kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani na hela mfukoni, nipe dakika mbili.

Yangu ni 110 ya manyuali, injini 5A, kila siku Tegeta hadi Posta na kurudi. Nilipoinunua, liva ilikuwa inalegalega kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Gia ya tatu ilikuwa mbali hadi vidole vinagusa redio. Nikajiaminisha kwamba dawa ni liva fupi.

Fundi wa kwanza (jina la gereji yake nalihifadhi) akaniambia kununua ni kupoteza hela, yeye anaitengeneza pale pale. Akachomelea kipande cha chuma upande wa chini, ile sehemu inayovuta kebo. Na kwa hesabu hakukosea. Liva ni mtarimbo tu: katikati kuna tufe, ndiyo egemeo, juu yake mkono wako, chini yake kebo. Tuseme juu ni sentimita 30 na chini ni 5. Mkono ukienda sentimita 12, kebo inavutwa 2. Refusha chini ifike 6.5, mkono utaenda 9 na kidogo, kebo inavutwa zile zile 2. Ila hakuna cha bure, nguvu ya kusukuma inapanda kwa asilimia 30. Wanaokata juu wanapata matokeo yale yale, isipokuwa kichwa cha gia kinashuka na wewe unaanza kukiinamia kama unatafuta chenji iliyodondoka. Na hayo yote ni ya mbele na nyuma tu. Kushoto na kulia kuna kebo yake nyingine, haiguswi.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nimepita Bunju niko gia ya tano, naachia mafuta, liva ikaruka yenyewe mpaka nyutro. Nikadhani giaboksi imekufa.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja Ilala. Hakugusa giaboksi kabisa. Alivua konsoli, lile kava linalozunguka liva, akaniambia, "Mwanangu, kanyaga klachi, weka tano." Akamulika tochi. Kile kipande kilichochomelewa kilikuwa kinagonga ukingo wa boksi la liva kabla gia haijaingia yote. Palipogonga chuma kilikuwa kimeng'aa kama sarafu mpya. Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa naendesha na tano iliyoingia nusu. Halafu akanionyesha kilichonipeleka huko kote: bushi, vile vipete vya plastiki kwenye ncha za kebo vinavyoishika kwenye pini. Moja tundu lake limekuwa yai. Nyingine haikuwepo kabisa, kebo imekaa kwenye pini tupu, inacheza itakavyo.

Akakereza bushi mpya za nailoni, akapaka grisi, akarudisha liva ya kawaida kama ile iliyotoka nayo kiwandani (bahati yangu nilikuwa nayo moja niliyookota kwenye spea za mtumba). Gharama haikufika nusu tangi la mafuta. Nilikaa pale gerejini nabadilisha gia gari ikiwa imezimwa, kama mtoto aliyepewa kigari.

Baadaye sana nikaweka liva fupi ya kweli, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hii, imepunguza kama robo ya mwendo wa mkono. Naipenda. Lakini jioni ya foleni pale Mwenge, moja-mbili-moja-mbili kwa saa nzima, bega linakumbuka ile asilimia ya nguvu inayoongezeka.

Na usitegemee ikuponye kama gia inakwaruza. Ndani kuna pete za sinkronaiza zinazosawazisha mizunguko kwa msuguano kabla meno hayajashikana, nazo zinahitaji muda wake hata liva iwe fupi kama kidole. Liva fupi ukiiharakisha unazimaliza mapema. Kama namba mbili inakwaruza, anza na klachi, kisha oili ya giaboksi. Soma kitabu cha gari ujue inataka ipi, maana muuzaji anaweza kukupa kopo la GL-5, aina ya oili ambayo hasa ni ya difu.

Kwa hiyo leo jioni fanya hivi. Zima gari, fungua boneti, tafuta kebo mbili zinapoishia kwenye giaboksi. Mtu mmoja akae ndani atikise liva polepole bila kuingiza gia, wewe tazama ule mkono wa chuma uliofungwa kebo. Liva ikisogea upana wa vidole viwili na ule mkono haujatikisika, nunua bushi, hela ya liva iache ikae.