Ng'ombe Asipokula, Mfungue Mdomo: Nilivyomuuguza Bunju Wangu Dodoma

Siku ya tisa Kibonge, samaki wangu, hajala, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya tangi saa tano usiku, tochi ya simu mkononi, mke wangu ananiita nikalale. Tumbo la Kibonge, ambalo akiwa mzima ni jeupe kama karatasi, lilikuwa bado na kijivu cha majivu. Mkia ameukunja ubavuni. Macho tu ndiyo yalikuwa yale yale, moja linanitazama mimi, jingine linatazama kopo la chakula.

Kwa wasiomjua, bunju ni yule samaki anayejivimbisha akishtuka mpaka anakuwa kama mpira. Wavuvi wa pwani humtupa kwa sababu ya sumu yake. (Sizungumzii Bunju ile ya njia ya Bagamoyo, ingawa jina ni hilo hilo.) Kibonge ni bunju wa madoa: mgongo wa kijani-manjano wenye madoa meusi, asili yake Asia ya kusini na kusini-mashariki. Nilimnunua Kariakoo akiwa na ukubwa wa kidole gumba. Muuzaji akaniapia kwamba ni samaki wa maji baridi, "mwekee maji ya bomba tu kaka, hana shida." Shida anayo. Bunju wa aina hii huishi kule mito inapokutana na bahari, na kadiri anavyokua ndivyo anavyotaka chumvi zaidi. Ukimweka kwenye maji matupu hafi kesho wala keshokutwa, ila ananyong'onyea polepole, ukija kugundua umeshachelewa.

Nilipohamishiwa Dodoma kikazi nikaja naye, kwenye ndoo yenye pampu ya hewa ya betri, kilomita kama 450 nikiendesha kwa adabu ambayo abiria wangu binadamu hawajawahi kuipata. Ndipo nikaanza maisha ya kuagiza maji ya bahari. Shemeji yangu yuko Kigamboni. Kila baada ya muda ananitumia madumu mawili kwa basi. Mara ya kwanza, kijana wa mizigo pale stendi ya Nanenane alifungua kifuniko, akanusa, akaniangalia. "Mzee, hii dawa ya nini?" Nikamwambia ya samaki. Hakuamini, na simlaumu. Maji ya bahari yanayosafirishwa mpaka Ugogoni yana maelezo mengine rahisi zaidi kuliko ya kwangu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ndoo moja ya bahari ukiichanganya na ndoo nne za bomba unapata kama gramu 7 kwa lita, inamtosha bunju mdogo, na unapandisha taratibu anavyokua. Chumvi ya mezani haifai kuwa mbadala wa kudumu kwa sababu haina yale madini mengine ya bahari. Jambo ambalo hapa Dodoma linawaponyoka watu: hewa yetu ni kavu, maji yanakauka haraka, tangi langu linashuka vidole viwili kwa wiki wakati wa kiangazi. Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo unapojazia kilichopungua, jazia maji ya kawaida, siyo ya chumvi, la sivyo baada ya miezi mitatu utakuwa umemtengenezea samaki achari.

Sasa turudi kwenye ugonjwa.

Siku ya tatu asipokula nilifanya kosa ambalo ndilo sababu kubwa ya kuandika makala hii. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza, muuzaji akanipa pakiti ya unga wa OTC, antibiotiki wanayopewa kuku kwenye maji ya kunywa. Sikuuliza swali hata moja. Nikakadiria kwa kijiko cha chai, nikamwaga. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, juu povu, na Kibonge amejibanza kwenye kona ya pampu akihema kama aliyepanda mlima.

Baadaye nilielewa nilichokifanya. OTC ni oksitetrasaikilini, na dawa za jamii hiyo hushikwa na madini ya kalisi na magnesi. Maji ya Dodoma sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni magumu. Kila mwenye birika la umeme mjini hapa anaujua ule ukoko mweupe. Kwa hiyo dawa nyingi ilifungwa na madini ya maji kabla haijamfikia samaki. Sehemu iliyobaki inaweza kuwadhuru wale bakteria wa kwenye chujio, na hao ndio wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki na mabaki ya chakula kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na makali sana. Nilipopima maji kwa kile kipimo cha matone, rangi ambayo siku zote ni ya njano ilitoka kijani. Amonia. Na maji yetu yana alikali (kinyume cha asidi), hali ambayo huifanya amonia hiyo hiyo iwe sumu kali zaidi. Samaki alikuwa na tatizo moja, mimi nikamwongezea la pili kwa hela yangu.

Basi nikaanza kulitoa la pili. Robo tatu ya siku ile niliimaliza kubeba ndoo. Nilibadilisha nusu ya maji jioni, theluthi kesho yake, theluthi tena keshokutwa, kila mara maji mapya nimeyachanganya kwanza kwenye pipa, chumvi sawa na ya tangini, joto sawa, yamelala usiku kucha na pampu ya hewa ili klorini iondoke. Ilikuwa wiki ya mgao, simtanki langu liko chini, nikanunua maji ya dumu kwa majirani. Bibi jirani, Mgogo wa hapa hapa, alinisalimia "Mbukwa!" akaniona na toroli la madumu sita, akauliza kama kuna msiba. Nikasema samaki anaumwa. Akasema, "Mjukuu wangu, samaki akiumwa si ndiyo wakati wa kumkaanga?" Yule bibi namheshimu, ila huyu ndiye samaki asiyekaangwa kabisa.

Siku ya nane amonia ilisoma sifuri. Tumbo likaanza kupauka kurudi nyeupe. Lakini hali chakula.

Baada ya usiku ule wa siku ya tisa, kwa kukata tamaa, asubuhi yake nikampigia daktari wa mifugo ninayefahamiana naye, mtu mzima, maisha yake yote kayamaliza na ng'ombe wa Bahi na Chamwino. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akasema, "Mdogo wangu, samaki mimi siwajui. Ila ng'ombe asipokula, kitu cha kwanza namfungua mdomo."

Nilikata simu nikaenda kwenye tangi. Nikadondosha kipande cha nyama ya kamba. Kibonge akaja mbio, akakipiga kwa mdomo, kikateleza. Akarudi, akakipiga tena. Kikateleza. Mara ya tatu akakaa akikitazama. Kwa siku tisa nilikuwa nasema "hataki kula," kumbe anataka, hawezi. Nikasogeza tochi kwenye kioo. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yamekua mpaka yamepishana kama mkasi uliofungwa, na mdomo haukuweza kufunguka zaidi ya upana wa njiti ya kiberiti.

Bunju ana meno manne yaliyoungana kuwa kama mdomo wa kasuku, na yanakua maisha yake yote. Porini anavunja konokono, kaa na kome kutwa nzima, meno yanasagika. Kwangu alikuwa anakula kamba waliomenywa na dagaa waliolowekwa, laini, kama mgonjwa wa hospitali. Mwaka mzima. Nilikuwa namdekeza.

Dawa yake ni kukata. Nitaeleza nilivyofanya, lakini ukipata mtu aliyewahi kuifanya, mpe yeye.

Usingizi unatoka Pemba: mafuta ya karafuu, yale safi ya duka la dawa. Niliweka lita mbili za maji ya tangi lake kwenye beseni. Mafuta hayachanganyiki yenyewe, lazima uyatikise kwanza kwenye kichupa cha maji ya uvuguvugu mpaka yawe kama maziwa. Nilianza na tone moja kwa kila lita, nikasubiri, nikaongeza nusu ya kiasi hicho. Ukizidisha umemuua, na hakuna kumrudisha. Pembeni niliweka beseni la pili la maji ya tangi bila dawa, pampu ya hewa inapiga.

Tatizo likawa chombo na mkono. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mke wangu, kimya, akatoka nje na kurudi na yule dogo anayezunguka mtaa wa Kisasa na kikapu cha rangi za kucha. Ana kile kikoleo kidogo cha kukatia ngozi ya pembeni ya kucha, kikali, ncha kama sindano. Tukakichemsha. Dogo akaangalia beseni, akaniangalia. "Braza, mimi nimekata kucha za maharusi. Wakati wa Bunge la bajeti nimekata za mheshimiwa. Samaki sijawahi."

"Dogo, ni kucha tu. Ziko mdomoni."

Kibonge aliyumba, akalala ubavu. Nikamfinya mkia kidogo, hakushtuka, ila mashavu yanaendelea kupumua, na hapo ndipo unapotakiwa kuanza. (Mashavu yakisimama, acha kila kitu, mhamishie beseni la pili.) Nikamshika kwa mkono uliolowa, nikainua mdomo tu juu ya maji. Dogo akashusha pumzi, akaingiza ncha ya kikoleo, akakata jino la juu. Lililia *ka!* kama punje ya mchele mkavu. Nikamrudisha majini, nikahesabu kumi, nikamwinua tena. La chini. *Ka!* Halafu kipande kidogo cha pembeni. Nikaona mwanya mweusi, mdomo uko wazi. Dogo alitaka aendelee "kuweka shepu," nikamzuia. Unakata kiasi cha kumwezesha kula, siyo cha kupendezesha.

Beseni la pili, nikamshika wima akielekea mapovu ya hewa. Dakika ya kwanza hamna kitu. Ya pili, pezi la kifuani likatikisika. Ya nne akajitoa mkononi kwangu, akajigonga ukutani mwa beseni, na akavimba nusu kwa hasira. Dogo alipiga kelele jirani wakasikia. Nilimlipa mara mbili ya bei ya kucha za mikono na miguu.

Kesho yake mchana Kibonge alikula konokono watatu, na maganda akayatema kwenye kioo upande wangu.

Konokono sasa nawafuga kwenye ndoo kibarazani. Walikuja wenyewe kama mayai kwenye majani ya majini, nawapa kabichi na mchicha, wanazaana kuliko wanavyoliwa. Mara mbili kwa mwezi anapata miguu ya kaa au kome na magamba yake, kutoka kwa wauza samaki wa barafu. Watu wananishauri nikachote konokono bwawani Hombolo. Usiende. Baadhi ya konokono wa mabwawa yetu ndio wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake vinaingia kwa kupenya ngozi ukiwa umesimama tu majini. Utamtibu samaki, wewe uanze kukojoa damu.

Mengine nitayapitia haraka. Bunju usimtoe majini kwa wavu: akivimba kwa hewa badala ya maji anaweza kushindwa kuitoa, akaelea mpaka afe. Mteke kwa jagi pamoja na maji yake. Ikitokea ameingiza hewa, mshike ndani ya maji, kichwa juu, mkia chini, umpe muda. Akipata vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, kumbuka hana magamba ya kumkinga kama perege, kwa hiyo dawa zenye shaba zinamchoma. Soma kipimo, anza na nusu. Akiwa anakula vizuri huku tumbo linabonyea, fikiria minyoo. Umeme ukikatika, usimlishe, punguza uchafu, na washa pampu ya betri. Bakteria wa chujio nao wanahitaji hewa. Juni na Julai hapa usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, na tangi bila hita linashuka nalo. Mimi nalifunika blanketi kuukuu pande tatu, luku ikiisha usiku walau joto linakaa kaa.

Na akifa, mfukie chini kabisa, mbali na paka na mbwa. Wanasema waliofugwa sumu yao hupungua kwa sababu inatokana na wanachokula. Sitaki paka wa jirani awe ndiye wa kulithibitisha hilo.

Juzi nimemulika tena, jino la chini limeanza kuchungulia. Nimeongeza kome. Dogo wa kucha nimekutana naye dukani, akauliza mgonjwa wake anaendeleaje, nikamwambia huenda tukamhitaji. Akasema sawa, ila safari hii bei ya samaki ni tofauti na bei ya mheshimiwa.