Kiswahili kina -nge- mbili, Kiingereza kina would moja

Kosa linaloongoza Goma nzima kwa wanaojifunza Kiingereza ni hili: "If I would have money, I would buy a motorbike." Anayelitamka amefikiri vizuri kabisa, ila amefikiri kwa Kiswahili: Kama ningekuwa na pesa, ningenunua pikipiki. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, kwenye sharti na kwenye jibu. Waingereza wanaweka would kwenye jibu tu. Upande wenye if wanarudisha kitenzi wakati uliopita: "If I had money, I would buy a motorbike." Pesa zinazozungumziwa ni za leo, lakini kitenzi kimevaa nguo za jana. Hapo wakati uliopita hausimulii jana. Unamwambia msikilizaji kwamba jambo hilo haliko.

Aliyesoma shule za Kongo ana dawa ya kosa hili tangu zamani, maana mwalimu wa Kifaransa alimkaririsha: "les si n'aiment pas les -rais", yaani baada ya si (kama) usiweke kitenzi chenye mwisho wa -rais. Kiingereza kinafuata njia hiyo hiyo. "Si j'avais de l'argent, j'achèterais une moto": avais ndiyo had, achèterais ndiyo would buy. Kwa hiyo ukisita, ikague sentensi yako kwa Kifaransa, usiikague kwa Kiswahili. Ukisikia -rais baada ya si, basi umeweka would mahali pasipo pake.

Ila Kifaransa nacho kina mitego. Ile imparfait, wakati uliopita wa avais, humvuta mtu aseme "If I was having money", na hiyo haikubaliki. Sema "If I had". Pourrais (ningeweza) humvuta aseme "I would can", ilhali neno ni moja tu, could. Mtego mbaya zaidi ni être (kuwa). "Je serais resté" (ningebaki, kwa jambo lililopita) hugeuka "I would be stayed". Kiingereza hakina vitenzi vinavyochukua être hapo. Vyote, hata kuja, kwenda na kubaki, vinachukua have: "I would have stayed", "I would have come".

Sasa tuingie kwenye wakati. Vitabu vya sarufi vinafundisha kwamba -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya yaliyopita, lakini hapa Goma, sokoni Virunga, mtu anasema "ningejua ningekuja" akiwa na maana ya jana, na kila mtu anamwelewa. Kiingereza hakitakusamehe hivyo. Kabla ya kufungua kinywa jiulize: mlango bado uko wazi, au umeshafungwa? Kama ni hali ya leo, sema "If I knew, I would come." Kama imeshapita na haibadiliki, sema "If I had known, I would have come." Upande wa sharti unakuwa had na umbo la tatu la kitenzi (know, knew, known: la tatu ni known). Upande wa jibu unakuwa would have na umbo la tatu vilevile.

Tuchukue jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, iliingia mjini na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Mwaka 2021 lava ilishuka tena, ikasimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Kwa tukio la kwanza tunasema: "If the lava had not entered the city in 2002, it would not have covered part of the runway." Kwa la pili: "If the lava had reached the airport in 2021, it would have damaged the runway." Ziangalie polepole. Sentensi yenye not inaeleza kitu kilichotokea kweli. Isiyo na not inaeleza kitu ambacho hakikutokea. Alama zinageuka, kila upande na yake: lililotokea huandikwa kwa not, lisilotokea huandikwa bila not. Wengi wanageuza upande mmoja na kusahau wa pili, na msikilizaji anabaki na habari ya kinyume.

Kuna pia wakati ambapo chanzo ni cha zamani na matokeo ni ya leo. Hapo unachanganya: "If Nyiragongo had never erupted, the stones in our walls would not be black." Had erupted kwa zamani, would be kwa sasa. Usiogope mchanganyiko huo, ni sahihi.

Mambo madogo yanayoharibu kazi nzuri: "If I had had time" ni sahihi, had mbili si kosa la chapa. Ya kwanza ni kisaidizi, ya pili ni kuwa na. Kifupisho 'd nacho kina sura mbili: katika "If I'd known, I'd have called", cha kwanza ni had na cha pili ni would. Tazama kinachofuata: baada ya had huja umbo la tatu, baada ya would huja kitenzi kitupu, na have hapo ndicho kitenzi kitupu chenyewe. Katika matamshi would have husikika kama "wudav", ndiyo maana watu wanaandika "would of". Usiandike hivyo kamwe. Na ile d ya mwisho katika "If I lived in Bukavu" itamke. Ukiimeza, umesema "If I live", yaani jambo linalowezekana kweli. Kuhusu be, mtihanini andika were kwa nafsi zote: "If I were you". Was utaisikia mitaani, lakini were haikataliwi popote.

Mahali ambapo sarufi hii inaleta mkate ni kwenye mahojiano ya kazi, hasa ya mashirika. Swali linakuja hivi: "What would you do if a beneficiary refused to sign?" Ukijibu "I will call my supervisor", wanakuelewa, lakini umetoka nje ya swali, kana kwamba mnufaika amekwisha kukataa. Jibu kwa would, na iseme mara moja tu: "I would listen first, then inform my supervisor." Wakiuliza "What would you have done?", jibu nalo libebe would have.

Zoezi linalofaa ni la daftari. Kila jioni andika mambo matatu ya kweli ya siku hiyo kwa Kiswahili, mafupi: mvua ilinyesha, nikachelewa. Chini yake andika kama ni leo au imepita. Geuza alama pande zote mbili. Kisha andika Kiingereza, ukianza na jibu: "I would not have been late if it had not rained." Jibu likitangulia, would inakaa kwake mapema, na mkono hauna hamu tena ya kuiandika baada ya if. Na jibu likitangulia hivyo, koma haihitajiki katikati.