Swali la msomaji: nakwama kwenye dabo ya mwisho

Swali: Katika mchezo wa vishale wa 501 (unaanza na alama 501, unapunguza hadi sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie dabo, yaani pete nyembamba ya nje inayohesabu namba mara mbili) nashuka chini ya 60 bila taabu, kisha nakaa hapo raundi saba au nane za vishale vitatu vitatu. Nimeanza kukariri jedwali la kumalizia, linaloonyesha upige namba zipi kwa kila baki, kuanzia 170. Mwenzangu anasema ninunue vishale vyepesi, mwingine anasema nibakize 50 nilenge kitovu cha ubao, ambacho ni alama 50 na kinahesabika kama dabo. Nimfuate nani?

Jibu: Usimfuate yeyote, na hilo jedwali liweke kando kwanza. Kila anayeanza hulikimbilia, na karibu kila mara linamchelewesha. Limeandikwa kwa ajili ya mtu anayepiga pete ya mara tatu anapotaka. Linakwambia 96 ni 20 mara tatu, halafu dabo ya 18. Sawa, kishale cha kwanza kikiangukia 5, jirani ya 20, umebaki na 91, na mstari uliokariri umekufa hapo hapo. Tatizo lako halipo kwenye 96. Lipo pale unapokosa na hujui umebaki na ngapi, ukasimama kuhesabu huku mkono ukipoa.

Jifunze kurudi kwenye 32. Dabo ya 16 ukiikosa kwa ndani, kishale kikaingia 16 ya kawaida, unabaki na 16, kisha 8, 4, 2, na kila mara kuna dabo inayokungoja. Ukianzia 40 unapata 20, 10, halafu 5, ambayo ni witiri: lazima upoteze kishale kwenye 1 au 3. Kwa hiyo ukiwa na 52 lenga 20 ya kawaida. Ikiingia, 32. Kikiangukia 1, jirani ya pili ya 20, una 51, piga 19. Kikiangukia 5 una 47, piga 15. Ikiingia, bado una kishale kimoja cha dabo.

Baki likiwa witiri, tazama upande wa 19: jirani zake ni 3 na 7, zote witiri. Kutoka 45, 19 inakuachia 26, 7 inakuachia 38, na 3 inakuachia 42, ambayo ndiyo pekee inayodai kishale cha ziada (piga 10, ubaki na 32). Hapo hata kosa lako linakuachia shufwa.

Kuhusu kitovu: kina kipenyo cha milimita 12.7. Dabo ina upana wa milimita 8, lakini inajipinda kwa zaidi ya milimita 50, hivyo eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya kitovu. Anayekushauri ubakize 50 kwa makusudi hajawahi kupiga hesabu hiyo.

Na vishale vyepesi? Ukibadilisha uzito, kishale kinabadilisha njia yake hewani na unaanza upya kuzoea. Wapo wanaouza uzito mpya, mabawa mapya na “siri ya kumaliza” kwa watu ambao hawajui 47 kutoa 15. Wengine wanawapigisha wanafunzi 20 mara tatu jioni nzima, kisha wanashangaa hakuna anayemaliza legi, yaani mchezo mmoja wa 501.

Anza zoezi na 60, si 501. Ukimaliza ndani ya vishale tisa, panda hadi 61. Ukishindwa, shuka hadi 59. Ukibakiza 1, ukapitiliza, au ukafika sifuri bila dabo, rudi kwenye alama ulizoanza nazo raundi hiyo, hata kama uko peke yako chumbani.