Asili ya "slave", "villain" na maneno mengine ya aina hiyo

Mleta uzi ameuliza kama ni kweli kwamba neno la Kiingereza "slave" limetokana na jina la watu, au ni hadithi za mitandaoni tu, na kama yapo mengine ya namna hiyo. Ni kweli. Katika zama za kati Waslavi, watu wa Ulaya ya mashariki, walitekwa na kuuzwa kwa wingi hata jina lao katika Kilatini cha wakati huo, "sclavus", likawa jina la mtumwa yeyote, awe Mslavi au asiwe. Kifaransa kikalipokea, na Kiingereza kikalichukua kutoka huko. Mimi, hata hivyo, nilianza kuyafuatilia mambo haya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natafsiri kijitabu cha historia cha wanafunzi wa sekondari, na sura mojawapo ilihusu uasi wa wakulima wa Uingereza wa mwaka 1381, ule wa Wat Tyler, wakati mfalme Richard wa Pili akiwa kijana wa miaka 14. Nikiwa nakimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi, kila nilipokutana na neno "villein" nilidhani ni "villain" kwa tahajia ya kizamani, yaani yule adui wa kwenye sinema anayepambana na steringi, nikaandika "mhalifu". Rasimu iliporudi, mhariri alikuwa amelizungushia neno hilo wino mwekundu kila mahali, na pembeni ya ukurasa wa kwanza wa sura hiyo ameandika: "Hawa wahalifu walivunja sheria gani?"

"Villein" alikuwa mkulima asiye huru, aliyemlimia bwana wake siku kadhaa za juma bila ujira, asiyeweza kuhama bila ruhusa, na ambaye hata kumwoza binti yake kulimpasa atoe ada kwa bwana. Katika Domesday, daftari la mali na watu lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, watu wa jina hili ndio kundi kubwa kuliko yote. Chanzo chake ni Kilatini "villanus", mtu wa "villa", na "villa" hapo ni shamba kubwa la bwana pamoja na majengo yake. Kwa hiyo "villein" na "villain" ni neno moja lililogawanyika: tahajia moja ilibaki na maana ya kisheria, nyingine ikateremka kutoka mtu wa shamba hadi mtu asiye na adabu, na mwishowe mtu mwovu. Ukilitafsiri kwa mzizi wake unapata "mshamba", ambalo nasi tumeliteremsha kwa njia hiyo hiyo, ingawa mshamba wetu ameishia kwenye kutojua mambo ya mjini na hajafikishwa kwenye uovu.

Si kila neno la watu wa chini lilishuka. "Knave" na "knight" yote mawili yalimaanisha mvulana, kijana wa kutumwa. La kwanza likawa laghai, la pili likapanda farasi likawa mpiganaji mwenye cheo, kwa kuwa kijana huyo alimtumikia bwana kwa silaha. Kijerumani hakikufanya hivyo: "Knabe" hadi leo ni mvulana, na "Knecht" amebaki kuwa mtumishi. Hata "lord" alianzia jikoni, kwani katika Kiingereza cha kale alikuwa mlinzi wa mkate, na "lady" alikuwa mkandaji wake.

Kwa majina ya mataifa, mfano ninaoupenda ni "Welsh", yaani watu wa Wales. Waanglo-Saksoni walipoingia Uingereza waliwaita wenyeji waliowakuta "wealh", yaani wageni, na baadaye neno hilo hilo likatumika pia kwa maana ya mtumwa. Wenyeji hao wenyewe hujiita Cymry, watu wa nchi moja. Wafaranki ndio waliobahatika: katika Gaul (Ufaransa ya leo) waliyoitawala uungwana kamili ulikuwa wao, ndiyo maana "frank" lilimaanisha mtu huru kabla ya kumaanisha msema kweli. Wavandali waliipora Roma mwaka 455, na ubaya wao unatajwa mpaka leo kwa neno "vandal", mharibifu, kila kijana anapovunja taa ya barabarani.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema kwamba dharau hii ni tabia ya Kiingereza peke yake. Sikubaliani naye, na sihitaji kwenda mbali. Neno la Kiarabu "qabila" lilituingia kwa umoja tukapata "kabila", na kwa wingi wake tukapata "kabaila", mtu wa ukoo mkubwa, ambaye Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimweka pamoja na bepari katika orodha ya wanyonyaji. Bepari naye, katika lugha za India alikotoka, ni mfanyabiashara tu, na ndiyo sababu tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare iliyoitwa Mabepari wa Venisi ilikuwa sahihi kwa mzizi wa neno, hata kama msomaji wa wakati ule alisikia ndani yake jambo la ziada.

Kuhusu kijitabu changu, mhariri alipendekeza "mtwana". Nilipinga kwa kuwa mtwana ni mtumwa wa kiume, wakati miongoni mwa "villein" walikuwamo pia wanawake, na hatimaye tulichapisha "mkulima asiye huru". Ni refu, na lilivuruga mistari ya kurasa tatu.