Tazama miguu kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama kamera inaweza kuueleza mwili wa mtu sawasawa na mkono wa mchoraji, limenikuta kibandani kwangu nikisubiri wateja wa picha za paspoti. Nasema inaweza, mradi anayeishika ana jicho la mchoraji.

Nina picha moja moyoni. Malick Sidibé aliipiga Bamako, Mali, usiku wa Krismasi mwaka 1963. Kijana wa suti na msichana wa gauni jeupe wanacheza dansi. Hutajwa kuwa ni kaka na dada. Mapaji ya nyuso zao karibu yagusane, na wote wawili wanatazama chini, kwa hiyo macho hatuyaoni. Furaha imeshukia magotini. Kaka ana viatu, dada yuko peku, na ukiitazama picha kwa muda unajikuta nawe unazifuata hatua zao.

Sidibé alianzia kwenye kuchora. Kipaji hicho ndicho kilichompeleka chuo cha mafundi wa sanaa Bamako, na mwaka 1955 Mfaransa mmoja mwenye studio alimchukua ampambie studio yake. Kamera ilifuata. Naamini siri ni hiyo. Aliyezoea kuchora anajua uzito wa mtu umelalia wapi: ukiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, bega lake hushuka.

Mchoro, hata hivyo, una ruhusa ambayo kamera haina. Käthe Kollwitz, Mjerumani, mwaka 1903 alitoa mchoro wa kuchapa wa mama aliyemkumbatia mtoto aliyekufa. Alijichora kwa kujitazama kwenye kioo, amempakata mwanawe Peter, wa miaka saba. Mguu wa mama ni mkubwa, mzito kama gogo, na uso ameuzamisha kifuani mwa mtoto kama anayetafuta pumzi humo. Nilipomzika mdogo wangu nilimwona mama yetu amekaa vilevile. Peter mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1914.

Kwa hiyo mimi mteja simwambii tena "tabasamu". Jumamosi alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Alisimama wima kama yuko gwaride, mikono ubavuni, mtoto naye akamwiga.

"Shikamoo bibi. Naomba mkae kama mnavyokaa nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani tunakaa chini, mwanangu."

"Basi kaeni chini."

Nikatandika mkeka. Akavua kandambili, akanyoosha miguu, mtoto akajipenyeza katikati yake. Mkono wa bibi ukaenda wenyewe kwenye sikio la mjukuu, kidole gumba kikaanza kulipapasa taratibu. Hapo nikabonyeza.

Msomaji wenu, fundi picha, Morogoro